Kurekebisha Kosa katika Ombi la Uhamiaji la Mwenzi wa Ndoa Baada ya Kuliwasilisha

Lengo la somo hili ni kumwezesha msomaji kutambua aina ya kosa lililomo katika ombi alilokwisha kuliwasilisha, kujua chanzo chake, na kulirekebisha kwa maandishi kabla halijageuka kuwa tuhuma.

Ndoa baina ya Mzanzibari na mtu wa nchi nyengine si jambo geni katika kisiwa cha Unguja. Kwa karne nyingi familia za Mji Mkongwe na za shamba zimeungana na za Komoro, Lamu, Mombasa, Oman na Bara Hindi. Lililo jipya ni karatasi. Mume au mke anayetaka kuishi na mwenzi wake sasa hana budi kujaza fomu, kuambatanisha vyeti na kutia saini tamko kwamba yote aliyoyaeleza ni kweli. Saini hiyo ndiyo inayolipa kosa dogo uzito wake. Tarakimu moja iliyokosewa katika barua ya kawaida ni tarakimu tu. Katika ombi lililotiwa saini ya tamko, ni maelezo yasiyo ya kweli mpaka mwenyewe ayarekebishe.

Kanuni ya kushika tangu mwanzo ni hii: kosa linalotajwa na mwombaji mwenyewe husomwa kuwa kosa, kosa hilo hilo likigunduliwa na afisa huweza kusomwa kuwa udanganyifu. Yote yafuatayo yanatokana na kanuni hiyo.

1. Nani anashughulikia nini

Uhamiaji na uraia ni miongoni mwa Mambo ya Muungano. Kwa hivyo, Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, na Sheria ya Uraia, Sura ya 357, zinatumika Unguja na Pemba sawa na Tanzania Bara, na maombi ya kibali cha ukaazi au pasi ya mtegemezi hushughulikiwa na Idara ya Uhamiaji, ambayo hapa Zanzibar husimamiwa na Kamishna wa Uhamiaji Zanzibar.

Usajili wa vizazi, ndoa na talaka, pamoja na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, uko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kupitia Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii chini ya Sheria Namba 3 ya 2018. Kibali cha kazi kwa mgeni hapa Zanzibar nacho hutolewa na mamlaka ya kazi ya Zanzibar chini ya Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, wala si na Uhamiaji.

Mgawanyo huu una maana kubwa kwa mwombaji. Jina lililokosewa linaweza kuwa limekaa katika afisi tatu kwa wakati mmoja, na kulirekebisha katika moja hakulirekebishi katika nyengine. Kila afisi iandikiwe peke yake.

2. Tambua aina ya kosa

Makosa yanayoonekana baada ya ombi kuwasilishwa ni ya aina tatu, na kila moja ina tiba yake.

*Kosa la uandishi.* Herufi ya jina, tarakimu ya namba ya pasipoti, siku na mwezi vilivyopishana. Ukweli unajulikana na unathibitishwa na waraka ulioambatanishwa. Ni mkono tu ulioteleza.

*Jambo lililoachwa.* Ndoa ya zamani isiyotajwa, mtoto asiyeorodheshwa, ombi la visa lililowahi kukataliwa, safari ya nyuma. Hapa hakuna herufi iliyokosewa. Pana nafasi iliyoachwa wazi au jibu la "hapana" pale palipostahiki "ndiyo". Aina hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu msomaji wa fomu hawezi kutofautisha kusahau na kuficha.

*Mabadiliko yaliyotokea baadaye.* Mwombaji alijaza kweli siku ile, kisha akapata pasipoti mpya, akahama shehia, akajifungua, au akabadilisha kazi. Hili si kosa kabisa, lakini likinyamaziwa hufanana na kosa. Nalo liandikiwe.

3. Kwa nini majina na tarehe za kwetu hukosewa

Fomu nyingi za uhamiaji zina nafasi mbili za jina: jina la ukoo na majina ya mtu. Mzanzibari ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Jina la tatu likiwekwa katika nafasi ya ukoo, fomu humchukulia babu kuwa ndiye ukoo. Mwombaji mwengine huweka jina la baba katika nafasi hiyo hiyo, na mtu mmoja akaonekana kuwa wawili. Tena, kwa desturi yetu mwanamke haachi jina la baba yake anapoolewa. Anayemjazia fomu akadhani kwamba mke lazima achukue jina la mume, humwandika kwa jina ambalo halimo katika waraka wake wowote.

Tahajia nayo ina mitego yake. Khamis na Hamisi, Abdalla na Abdullah, Mohamed na Muhammad ni jina lile lile masikioni petu, lakini kompyuta huyasoma kuwa majina tofauti. Kwa mwenye jamaa Oman pana jambo la ziada: nyaraka za kule kwa kawaida huongeza jina la kabila mwishoni, kama vile Al-Harthy au Al-Barwani, ilhali cheti cha kuzaliwa cha Unguja huenda hakina jina hilo. Mwenzi kutoka Komoro huja na vyeti vya Kifaransa, ambamo tahajia hufuata matamshi ya lugha hiyo.

Tarehe zina mitego mitatu. Kwanza, baadhi ya nchi, Marekani ikiwamo, hutanguliza mwezi kabla ya siku. 04/07 kwetu ni tarehe nne Julai, kwao ni tarehe saba Aprili. Pili, mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa takriban siku 11, na mwenye kubadilisha tarehe kwa kukisia hukosea. Tatu, siku katika hesabu ya Kiislamu huanza magharibi. Nikaha iliyofungwa baada ya sala ya isha siku ya Alkhamisi, kwa lugha yetu ni ya usiku wa Ijumaa. Mwenye kuandika cheti huenda akaandika tarehe ya Ijumaa, na bwana harusi akajaza fomu kwa tarehe ya Alkhamisi. Wote wawili wamesema kweli, lakini waraka na fomu vimepingana. Katika hali hii, fomu ifuate cheti.

4. Tafuta chanzo kabla ya kuandika barua

Kabla ya kuiandikia afisi yoyote, weka mezani nakala ya fomu uliyowasilisha na nyaraka zote ulizoambatanisha: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha talaka au cha kifo ikiwa palikuwa na ndoa ya awali, na vyeti vya watoto. Pitia nafasi moja baada ya nyengine. Usisimame ulipoliona kosa la kwanza. Makosa huja kwa jozi, na barua mbili za masahihisho hutia shaka kuliko moja iliyokamilika.

Kisha jiulize: je, kosa limo katika fomu tu, au limo katika waraka wenyewe?

Likiwa katika fomu tu, barua pamoja na nakala ya waraka sahihi huwa ndio msingi wa marekebisho. Likiwa katika waraka, rekebisha waraka kwanza katika afisi iliyoutoa. Kosa la cheti cha kuzaliwa au cha ndoa kilichotolewa hapa lipelekwe katika afisi ya Wakala wa Usajili ya wilaya, na uulize kama utahitaji barua ya Sheha au hati ya kiapo. Kosa la pasipoti ya kigeni lipelekwe katika ubalozi wa nchi husika. Wakati waraka unashughulikiwa, iarifu afisi yenye ombi kwamba marekebisho yameanza, na uambatanishe stakabadhi ya kuthibitisha hilo. Usingoje waraka mpya utoke ndipo uandike.

Kamwe usisahihishe waraka kwa mkono wako. Herufi moja iliyoongezwa kwa kalamu juu ya cheti hugeuza kosa lisilo na hatia kuwa kughushi.

5. Barua ya marekebisho

Barua iwe fupi, ya ukurasa mmoja, na iwe na mambo matano: namba ya ombi; nafasi ya fomu yenye kosa; kilichoandikwa; kinachostahiki kuandikwa; na sababu ya kosa kwa sentensi moja au mbili. Huu hapa ni mfano wa kufuata.

*Kwa Kamishna wa Uhamiaji,*
*Zanzibar.*

*YAH: MAREKEBISHO YA TAARIFA KATIKA OMBI NAMBA ………*

*Tafadhali rejea ombi langu lililotajwa hapo juu, nililoliwasilisha tarehe ……… kwa ajili ya kuishi Zanzibar pamoja na mume wangu, ambaye ni raia wa Tanzania.*

*Katika nafasi ya tarehe ya ndoa niliandika ………. Tarehe sahihi, kwa mujibu wa cheti cha ndoa namba ………, ni ………. Nikaha ilifungwa usiku, nami niliandika tarehe ya mchana uliotangulia.*

*Katika nafasi ya watoto sikumtaja mtoto wangu wa ndoa ya awali, aliyezaliwa tarehe ………, kwa kuwa anaishi na bibi yake na hatarajiwi kuhamia Zanzibar. Nimeelewa kwamba ilinipasa kumtaja.*

*Naambatanisha nakala ya cheti cha ndoa na ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Taarifa nyengine zote katika ombi hilo zinabaki kama zilivyo. Naomba barua hii iwekwe katika jalada la ombi langu.*

Tazama jinsi barua hii isivyojitetea sana. Haimlaumu aliyejaza fomu, haisimulii shida za nyumbani, wala haiombi huruma. Afisa anahitaji kujua nini kibadilishwe na kwa ushahidi gani.

Mwombaji ndiye atie saini, kwa kuwa tamko la kwanza lilikuwa lake. Mwenzi aliye raia anaweza kuambatanisha barua yake ya kuthibitisha, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya barua ya mwombaji. Peleka nakala mbili. Moja ibaki afisini, nyengine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi ujumbe pamoja na majibu yake. Nakala hiyo yenye tarehe ndiyo itakayothibitisha miaka kumi baadaye kwamba ulisema mwenyewe, na ulisema lini.

Baada ya hapo afisi inaweza kuipokea barua na kuendelea, kuomba waraka halisi, kuwaita nyote wawili kwa mahojiano, au kuelekeza kwamba ombi jipya liwasilishwe. Usiwasilishe ombi la pili kwa hiari yako ili "kulifunika" la kwanza. Maombi mawili ya mtu mmoja yenye taarifa zinazotofautiana huzua swali ambalo kosa lenyewe halikulizua.

6. Kosa dogo huishi muda mrefu

Wapo wanaosema: kibali kimeshatoka, ya nini kujitia mashakani? Jibu ni kwamba jalada halifungwi kibali kinapotolewa. Taarifa za leo ndizo zitakazolinganishwa na maombi ya kesho.

Mfano ulio wazi ni uraia. Chini ya Sheria ya Uraia, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania anaweza kuomba uraia wakati wowote katika uhai wa mumewe. Mwanamume wa kigeni aliyemuoa raia hana mlango huo; hupita njia ya kawaida, ambayo hudai awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na miaka 7 kwa jumla ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo. Kwa mke, jambo zima linasimama juu ya cheti cha ndoa. Kwa mume, juu ya tarehe za kuingia na kuishi. Tarehe iliyokosewa katika ombi la kwanza la ukaazi inaweza kurudi baada ya miaka wakati hesabu hiyo inafanywa. Sheria hiyo pia inaruhusu kumvua uraia aliyeupata kwa kuandikishwa, ikithibitika kwamba aliupata kwa hadaa, kwa maelezo ya uongo au kwa kuficha jambo la msingi.

Kwa hivyo, hata kibali kikishatoka, kosa liandikiwe. Siku ya kukipokea, soma jina, namba ya pasipoti, aina ya kibali na tarehe ya kumalizika kabla hujaondoka dirishani.

7. Ikiwa mwenzi anaomba kwenda nje

Wengine katika visiwa hivi husafiri kuwafuata wenzi wao ng'ambo. Kanuni ni ile ile, ingawa adhabu hutofautiana.

Uingereza, kanuni za uhamiaji huruhusu ombi kukataliwa kwa sababu ya maelezo yasiyo ya kweli hata pale mwombaji mwenyewe hakujua kwamba si ya kweli. Ikithibitika kwamba alikusudia kudanganya, matokeo huwa mazito zaidi. Kwa hivyo, "aliyenijazia ndiye aliyekosea" si kinga kamili.

Kanada, anayepatikana na hatia ya kutoa maelezo ya uongo au kuficha jambo la msingi huzuiliwa kwa miaka 5. Tena, mtoto au mwenzi ambaye hakutajwa na kukaguliwa wakati mzazi anaomba makaazi ya kudumu, kwa kawaida hawezi kudhaminiwa baadaye katika kundi la familia. Mzazi aliyemwacha mtoto kwa bibi yake Makunduchi asimtaje kwa kuwa "hasafiri sasa", huenda akawa amemfungia mlango wa kumfuata. Mtoto hutajwa hata kama hasafiri.

Marekani, fomu ya mtandaoni ya visa ya uhamiaji, iitwayo DS-260, haibadiliki ikishawasilishwa. Mwombaji huandika kwa Kituo cha Taifa cha Visa, au kwa ubalozi ikiwa jalada limeshafika huko, aombe ifunguliwe tena. Kwa jambo zito, udanganyifu unaweza kumzuia mtu maisha yake yote isipokuwa apate msamaha maalumu. Lakini utaratibu wa nchi hiyo unatambua pia kauli iliyorekebishwa mapema na kwa hiari: mwenye kusema kabla hajabanwa huhesabiwa kuwa ameifuta kauli yake ya kwanza. Anayekiri baada ya kuoneshwa ushahidi hana fursa hiyo.

8. Haki zako kwa aliyekujazia fomu

Wengi hujaziwa fomu katika duka la steshenari au na wakala. Hiyo ni huduma unayoilipia, na una haki ndani yake.

- Dai kuisoma fomu yote kabla haijawasilishwa. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza nawe hukifahamu vyema, usomewe kwa Kiswahili nafasi moja baada ya nyengine.
- Barua pepe, namba ya simu na neno la siri viwe vyako. Wakala akitumia vyake, majibu ya afisi yatakwenda kwake, nawe hutaweza kurekebisha lolote bila yeye.
- Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au simu. Usimpe mtu ada ya Serikali mkononi. Ujira wa wakala uwe kando, na wenye stakabadhi yake.
- Usikubali kuambiwa "acha nafasi hiyo, hawaangalii", wala usitie saini fomu tupu.
- Wakala akikosea, umtake akuandikie barua fupi inayoeleza kosa lake, uiambatanishe na barua yako ya marekebisho. Haikuondolei wajibu, lakini inaeleza chanzo.

Ambaye jambo lake ni zito, kama ndoa iliyofichwa, hukumu ya jinai au ombi lililokataliwa huko nyuma, amwone wakili kabla ya kuandika barua.

Maswali ya kujipima

1. *Tarehe ya ndoa katika fomu inatofautiana kwa siku moja na cheti. Nifanye nini?* Andika barua ukieleza tofauti na sababu yake, ufuate tarehe ya cheti. Ikiwa cheti ndicho kilichokosea, anza kwa Wakala wa Usajili huku ukiiarifu Uhamiaji.

2. *Mke wangu amepata pasipoti mpya wakati ombi linashughulikiwa. Je, ni kosa?* Si kosa, lakini ni mabadiliko yanayostahiki kuarifiwa. Peleka nakala ya pasipoti zote mbili, ya zamani na mpya.

3. *Nimegundua kosa siku moja kabla ya mahojiano.* Nenda na barua uliyokwisha kuitia saini pamoja na ushahidi wake, uitoe mwanzoni kabla hujaulizwa.

4. *Mume wangu aliwahi kuoa na kuacha kabla hatujajuana, na fomu imeandikwa hajawahi kuoa.* Hili ni jambo lililoachwa. Tafuta cheti cha talaka, andika barua leo, wala usingoje kuulizwa.

5. *Nimesahihisha jina langu Uhamiaji. Je, kibali changu cha kazi kimesahihishwa pia?* Hapana. Iandikie mamlaka ya kazi barua yake, na uambatanishe nakala ya barua uliyoipeleka Uhamiaji.